Mama Kochi na Mlio Uliodanganya

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni mliotuzidi umri, na wengine wote hamjambo. Leo kipindi kimeanza bila muziki. Nimemwambia fundi mitambo auache. Nina hasira, na hasira yangu haiendi na muziki.

Tunamkumbuka Mama Kochi. Mama Kochi, fundi wa makochi, yule wa karakana yenye mlango wa bluu karibu na kituo cha mafuta. Amefariki. Alifariki asubuhi, kazini, akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, na arobaini yake imeshapita. Na pale makaburini nikasikia watu wakisema, tena kwa sauti ya upole, "Ndiyo hivyo, siku yake ilifika." Mwingine akaitikia, "Sikio la kufa halisikii dawa."

Sikio la nani? Mama Kochi alisikia dawa. Aliisikia vizuri sana. Siku yake haikufika, wasikilizaji. Ililetwa. Kaeni nami niwaeleze ilivyoletwa.

Kwanza mjue alikuwa nani. Ufundi alifundishwa na shangazi yake, mwanamke asiyecheka na mtu. Shangazi alimpa kochi bovu akamwambia alifungue lote, msumari kwa msumari, ndipo ataruhusiwa kushika mkasi. Akalifungua. Ndani akakuta kijiko, vifungo vya shati na jino la mtoto. Tangu siku hiyo akawa na msemo wake, na wateja wote waliujua: "Kitu hakitupwi kabla hakijafunguliwa."

Alifanya kazi na vimisumari mdomoni. Anaongea navyo, anacheka navyo, anakusuta navyo, na hata kimoja hakidondoki. Ukilalamika kwamba kochi lako limechelewa, anakujibu katikati ya vimisumari, "Miaka yote umelikalia bila kulishukuru, leo ndiyo umelikumbuka?" Unaondoka umenywea, na kesho yake unarudi na kochi la jirani.

Hiki kiti ninachokalia hapa studio alikishona yeye. Mwaka huu kilichoka tena, tukampelekea. Nitakirudia baadaye.

Upande wa pili wa ukuta wa karakana ni kwa mumewe. Tunamwita Fundi Waya. Redio, pasi, feni, chochote chenye waya ni chake. Walitoboa dirisha dogo katikati ya karakana zao, la kupitishia chai na maneno. Binti yao, mtoto wao wa pekee, aliniambia, "Baba na mama waliunganishwa na ndoa, lakini lililowashikilia ni lile dirisha. Wakigombana, mama analiziba kwa mto. Ukiuona mto umetoka, ujue yamekwisha."

Mwaka jana Mama Kochi alikuwa akiongea na mteja, vimisumari vikaanguka. Vyote. Mteja akadhani anamtania, akacheka. Kilikuwa kiharusi. Uhai ukabaki, lakini mkono wa kulia ukalala. Mkono wa kulia, wasikilizaji. Mkono wa sindano.

Nilimtembelea siku zile. Alinionyesha jinsi vidole visivyoweza kufunga mkasi. Akasema, "Mwanangu, kula nitalishwa, kuoga nitaogeshwa. Lakini nani atanishonea?" Hicho ndicho alichokitaka. Hakutaka kupona kwa jumla jumla. Alitaka kushona.

Kliniki walimpeleka kwa mtaalamu wa viungo, binti mmoja mpole lakini asiyetaka mzaha. Akampa kifaa kidogo, cha kutosha kiganjani. Kina nyaya nyembamba na vibandiko. Unabandika juu ya msuli, unajaribu kuinua mkono. Msuli ukifanya kazi hata kidogo, hata kama jicho halioni kitu, kifaa kinalia pi, pi, pi. Mgonjwa akisikia, anajua hapo ndipo pa kukazania.

Mtaalamu alisema maneno haya, na Fundi Waya alikuwepo, amekaa pembeni anaitikia kwa kichwa. Nimemwomba mtaalamu ayarudie, nami nayarudia kwenu. "Mama, hiki kifaa hakikupi nguvu. Kinasikiliza tu. Bandika kwenye ngozi safi isiyo na kidonda. Kwenye mkono nilipokuonyesha. Usibandike kifuani, wala shingoni. Ngozi ikiwasha au ikiwa nyekundu, bandua. Vibandiko vyako usimwazime mtu. Na mtu mwenye kifaa cha moyo ndani ya mwili asikiguse mpaka daktari wake aseme. La mwisho, na hili ndilo kubwa. Kinatumia betri. Kikiwa kwenye chaja, kisiwe mwilini. Kikiwa mwilini, kisiwe kwenye chaja."

Na waliokitengeneza hawakutegemea masikio yetu peke yake. Chini yake kuna matundu mawili, moja la chaja, moja la nyaya za vibandiko. Katikati wameweka kifuniko cha kusukuma. Ukifungua tundu la chaja, la vibandiko linajiziba. Huwezi kuchomeka vyote viwili. Yaani kifaa chenyewe kinakukatalia.

Karakana nzima ikakipenda. Wakakiita Kifaranga, kwa sababu ya ule mlio. Mama Kochi akikaa mazoezini, mafundi wenzake wanapunguza nyundo wasikilize. Kifaranga akilia, mtu anasema, "Mlisheni huyo." Akinyamaza, mama anamsema, "Leo umenuna? Nimekukosea nini?" Na mkono ukaanza kuamka. Kwanza kifundo, kisha kidole gumba. Ikafika siku akafunga mkasi. Kitambaa hakikukatika, lakini mkasi ulifunga. Fundi Waya alipitisha kichwa kizima kwenye lile dirisha akakwama, ikabidi avutwe.

Sasa hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Betri ya Kifaranga ilitoka stoo ya kliniki ikiwa imechoka. Imechoka tangu siku ya kwanza. Mama akianza mazoezi, katikati kinazimika. Akakirudisha kliniki. Mtaalamu yuko likizo. Mtunza stoo akamwambia, "Kiache hapo, betri zikija tutakupigia." Binti yake akauliza, "Zitakuja lini?" Akajibiwa, "Zikija." Mwanamke anapigania mkono wake, na wewe unamjibu "zikija"? Mkubwa wa kliniki hiyo, najua unanisikiliza, maana umenipigia simu jana kuniomba nisiseme. Mimi nasema. Mliwapa wagonjwa vifaa vyenye betri zilizokufa, mkawaacha wajitafutie dawa.

Nao wakajitafutia. Mama Kochi akarudi nacho karakana, akakipitisha dirishani kwa mumewe. "Kitu hakitupwi kabla hakijafunguliwa," akamwambia. Fundi Waya akakifungua. Akakiona kile kifuniko. Akasema, "Kosa la kiwandani hili. Mtu unatengeneza kitu halafu unakizuia kufanya kazi?" Akakiondoa kwa bisibisi ya moto. Akatafuta chaja ya zamani, akaiunga na nyingine. Sasa Kifaranga anaweza kuwa ukutani na mwilini kwa pamoja.

Binti alikuwa amesimama pale. Alisema, "Baba, yule dada alikataza." Akajibiwa, "Yule dada ni wa misuli. Umeme ni wangu." Karakana ikacheka. Jibu tamu, si ndiyo? Mafundi wakampigia makofi. Kwao kitu chochote kinachokataa ni kibovu, na kibovu kinatengenezwa. Hakuna aliyewaza kwamba kile kifaa kilikuwa kizima pale kilipokataa.

Kesho yake asubuhi Mama Kochi akaketi. Akabandika vibandiko mkononi. Fundi Waya akachomeka ukutani. Na Kifaranga akalia. Akalia kuliko siku zote. Hakupumzika. Mama alikuwa hata hajajaribu kuinua mkono, Kifaranga analia. Wakaacha nyundo, wakaja wote, wakapiga makofi. Mama Kochi akatokwa na machozi. Akasema, "Umerudi. Mkono wangu umerudi." Akanyoosha mkono wa kushoto kuivuta cherehani yake, ile nzito ya chuma, aanze kazi. Alipoigusa, akakakamaa.

Fundi Waya alichomoa waya mara moja. Alijua. Fundi wa umeme hahitaji kuambiwa. Mkono wa kulia una nyaya za ukutani, wa kushoto umeshika chuma kinachopeleka umeme ardhini, na kati ya mkono na mkono kuna moyo.

Mtaalamu aliporudi kutoka likizo alikuja msibani moja kwa moja, na begi lake begani. Akaomba kukiona kifaa. Akakigeuza, akagusa pale kifuniko kilipokuwa. Akasema polepole, na hili nalirudia ili kila mtu alisikie. "Ule mlio haukuwa mkono wake. Ule ulikuwa umeme wa ukutani." Narudia. Mlio walioupigia makofi haukuwa wa msuli. Kifaa kilikuwa kinasikia hatari, na watu wakashangilia.

Ndipo vikao vya ukoo vikaanza. Baba mdogo wa marehemu akasema tuseme kiharusi kimerudi, kwa heshima ya familia. Funika kombe mwanaharamu apite. Nani mwanaharamu hapo? Vifaa kama hicho vimo kwenye nyumba ngapi hivi sasa, na betri zake zimechoka vilevile? Tukifunika kombe, atakayepita ni mama wa mtu mwingine.

Nilikwenda kwa Fundi Waya. Nilimwambia mbele ya binti yake kwamba nimemkasirikia, na kwamba nitasema hewani. Nilidhani atanifukuza. Alikuwa amekaa upande wake wa ukuta. Dirisha ameliziba mwenyewe kwa ule mto, na hakuna wa kuutoa. Akaniambia, "Sema. Sema ni mimi. Usiseme siku yake. Sema ni mimi, nilimpenda, na nilijua umeme, na nikamuua." Nimesema, Fundi. Ulivyotaka nimesema. Na hasira yangu ipo palepale, na pole yangu pia ipo.

Basi, wasikilizaji wapendwa, kwa Fundi Waya, kwa binti, kwa mafundi wote wa mlango wa bluu, poleni sana. Mungu ampumzishe Mama Kochi mahali pema. Nanyi mlio nyumbani, kama una kifaa kama Kifaranga, inuka sasa hivi ukakitazame. Kisiwe mwilini kikiwa kwenye chaja. Kikizimika, kirudishe. Wakikuambia "zikija", kaa pale mlangoni mpaka wachoke na wewe. Na kitu kikikukatalia, kabla hujakivunja, uliza kwanza kinakulinda na nini.

Nilisema nitakirudia hiki kiti. Binti alikileta juzi, baada ya arobaini. Akanigeuzia upande wa chini, akanionyesha mstari mmoja wa mshono. Mishono mingine yote ni ya mafundi, imenyooka. Huu mmoja umepinda, unapanda na kushuka. Akaniambia, "Alishona mwenyewe, wiki ile Kifaranga alipokuwa amezimika. Kwa mkono wa kulia. Hakuna aliyeona, kwa sababu hakuna kilicholia."

Mkono ulikuwa umerudi, wasikilizaji. Ulikuwa umesharudi. Nimeukalia.