Kocha Fito na Ubao wa Vizibo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kaa hapo hapo ulipo, na kama una kikombe cha chai mkononi endelea kunywa, redio haina wivu. Leo tunamkumbuka mwalimu wa mazoezi. Jina lake la kwenye cheti walilijua watu wa nyumbani kwake. Sisi wengine tulimwita Kocha Fito. Kocha Fito alifariki dunia wiki iliyopita. Aliugua homa ya uti wa mgongo, aliugua siku chache tu, akaondoka.

Kabla sijaendelea, nina neno na baadhi yenu. Tangu tulipotangaza msiba huu, simu ya studio haipumziki, na swali ni lile lile: "Mwalimu wa mazoezi anakufaje?" Jamani! Anakufa kama anavyokufa fundi saa. Kuna mama amefiwa na mume, na wewe unataka kujua kama kuruka kamba kuna faida. Faida ipo. Kifo nacho kipo. Tuendelee.

Kocha Fito alikuwa mrefu, mwembamba, shingo imesimama kama ameitwa kwa mbali. Ukiingia kwenye chumba chake cha mazoezi mara ya kwanza, ungemsalimia mtu mwingine ukidhani yeye ndiye kocha, na Fito ndiye mgonjwa aliyeletwa kunenepeshwa. Watu walimtania usoni. Naye alikuwa akijibu, "Fito ndizo zinazoshika nyumba, bwana. Udongo hujaza tu."

Nilizungumza na dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kuanza kazi za zamu. Dada ni mtu wa vicheko, lakini siku hiyo kicheko kilikuwa kinakatikia njiani. Aliniambia hivi: "Huyu tangu mdogo alikuwa akipiga mswaki amesimama mguu mmoja. Kila asubuhi. Povu mdomoni, mguu juu. Mama akamnunulia dawa ya minyoo. Akainywa, na mguu ukabaki juu. Tukamuuliza, wewe una nini? Akasema, 'Dada, mswaki lazima nipige. Basi na mguu ufanye kazi hapo hapo, usikae bure.'"

Wasikilizaji wapendwa, kazi yake yote ya ukubwani ilitoka kwenye mswaki ule.

Alianza maisha akipakua magodoro kwenye duka kubwa. Duka lilipohama, alikodi ghala lake la nyuma. Akapaka chokaa, akaweka vioo, akaleta vyuma vya kunyanyua na mikeka. Harufu ya godoro jipya haikutoka kabisa, na wateja walisema ndiyo iliyowatia usingizi. Lakini vyuma havikuwa kitu chake hasa. Yeye alishughulika na yale unayofanya ukiwa nyumbani, pale ambapo kocha hakuoni.

"Hapa kwangu unakaa saa moja," alikuwa akisema. "Saa zilizobaki unakaa na wewe mwenyewe. Huyo wa pili ndiye ninayemtaka."

Kwa hiyo kila mteja alipewa jambo moja dogo, na jambo hilo lilifungwa kwenye kitu ambacho tayari anakifanya. Chai ikiwa jikoni, inuka kwa vidole vya miguu mpaka ichemke. Ukishuka ngazi za ofisini kwenda kula, rudi kwa ngazi hizo hizo. Kinyozi wa jirani, ambaye soda alikuwa akinywa kama gari linavyokunywa mafuta, aliambiwa kunywa glasi ya maji kabla ya kuwasha mashine kwa kichwa cha kwanza. Basi. Kinyozi akacheka. Baadaye aliniambia, "Nilidhani ananidharau. Mtu mzima, nalipa pesa, naambiwa kunywa maji!"

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kisa kilipo. Fito alitaka kujua kama watu wanafanya kweli. Akatengeneza ubao mkubwa ukutani. Kila mteja akawa na uzi wake wa nailoni, umevutwa kutoka msumari huu hadi ule. Siku ukitimiza jambo lako, unachukua kizibo cha soda kilichotobolewa, unakiingiza kwenye uzi. Uzi ukijaa, mazoezi yanasimama na chumba kizima kinakupigia makofi. Watu wazima na heshima zao, mahakimu wa nyumba zao, walikuwa wakigombania vizibo! Ubao ulipendeza. Fito aliupenda. Mgeni akiingia, salamu ya kwanza ya Fito ni kuelekeza mkono ukutani.

Mkewe, ambaye ni muuguzi wa watoto, alikuwa na mama mwenye kisukari. Mama huyu ni fundi cherehani, anashona sare za shule barazani kwake. Kliniki walimwonya kuhusu miguu. Mwenye kisukari anaweza kuumia unyayo asihisi, kidonda kikaingia ndani, na mwisho wake ukawa kukatwa mguu. Mke akamwambia mumewe, "Mchukue mama awe mteja wako."

Fito akashika kichwa. "Mama mkwe? Nitamwambiaje mama mkwe, 'inua goti'?"

"Utamwambia, 'Mama, naomba uinue goti.'"

Akamchukua. Mama akaja na gauni refu na raba mpya, akakaa kwenye benchi la vyuma kama amekuja posa. Fito hakumwambia ainue goti. Alimpa jambo moja. Jioni, akishafunika cherehani, achukue kioo kidogo atazame nyayo zake. Akiona kitu chochote, aseme. Jambo moja tu: akifunika cherehani, atazame nyayo.

Na uzi wa mama mkwe ukajaa. Ukajaa kuliko wa kila mtu. Wakampigia makofi, mama akainamisha uso, akatabasamu. Kila alipokuja mazoezini, alitia vizibo vyake bila kukosa hata siku moja. Fito akawa akiwaambia wavivu, "Mwoneni mama yangu huyu." Hakuna aliyejua kwamba shule zilipokaribia kufunguliwa, na sare zikarundikana mpaka dirishani, mama aliacha kutazama nyayo. Aliacha kutazama, lakini vizibo hakuacha kutia.

Nilimuuliza mwenyewe, mama huyu, kwa nini. Alinijibu bila kuzunguka. "Ningefanyaje, mwanangu? Ule ubao wanautazama wote. Uzi wangu ukibaki mtupu, watasema kocha gani huyu, mama mkwe wake mwenyewe amemshinda. Nilikuwa namsitiri mkwe wangu."

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ila wahenga hawakutuambia kwamba kuna mtu huficha maradhi kwa mapenzi.

Sakafu ya fundi cherehani haikosi pini. Pini moja ilimwingia mama kisigino. Hakuihisi. Alikanyaga cherehani nayo, akapika nayo, akaja mazoezini nayo, akatia kizibo. Alipopata homa na raba ikaanza kutoa harufu, ndipo binti yake alipomvua kiatu. Yeye ni muuguzi, ameona mengi. Siku hiyo alikaa chini.

Hospitalini daktari alisema mguu huenda ukakatwa. Fito alifika mbio, jasho linamtoka. Mkewe alimzuia mlangoni mwa wodi. Dada mtu alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia. Mke alisema, "Vizibo vyako vinamla mama yangu mguu." Hakupaza sauti. Fito alipita, akaenda kando ya kitanda.

Mama akamwambia, "Nilikudanganya, mkwe. Nisamehe."

Naye akasema, "Hapana, mama. Mimi ndiye niliyekujengea mahali pa kudanganyia. Nilikuwa natazama ubao. Miguu yako sikuitazama."

Wasikilizaji wapendwa, mguu haukukatwa. Kilikatwa kidole kimoja, na kisigino kilichukua muda mrefu kupona. Mguu upo.

Fito alirudi kwenye ghala lake, akaung'oa ubao. Wateja walilalamika! Mmoja alisema wazi, "Mimi nilikuwa nakuja kwa ajili ya makofi." Na kweli, baadhi waliondoka, wakaenda kwenye vyumba vyenye muziki mkubwa. Waliobaki walikuta desturi mpya. Ukifika, kocha hakuulizi umefanya nini. Anauliza kilichokushinda. Unasema, na hakuna anayecheka wala kusonya. Halafu mnalipunguza lile jambo mpaka litoshee maisha yako. Kama lilikuwa dogo, linakuwa dogo zaidi.

Siku za mwanzo watu walitazamana kama wako mbele ya polisi. Kinyozi ndiye aliyeanza. Alisema, "Maji nimekunywa. Na soda nimekunywa juu yake. Nyingine iko kwenye droo ya mashine, nimeifunika na taulo." Fito akamwambia asante. Hakusema neno jingine, asante tu. Kinyozi anasema asante ile ilimchoma kuliko hotuba ya daktari, na polepole droo ikarudi kuwa ya mashine.

Na mama mkwe? Fito alianza kupita kwake jioni, wakati anafunika cherehani. Mama anasema, "Mara ya kwanza aliniuliza, nikamwambia sijatazama. Nilisubiri anikaripie. Akasema asante, mama. Akakaa chini sakafuni, pale penye nyuzi, akashika kioo, akauweka mguu wangu gotini mwake. Mkwe wangu! Nilijifunika uso kwa sare ya mtoto wa watu. Akatazama katikati ya vidole, kimoja kimoja. Tangu siku ile sikumficha kitu. Hata nikila keki harusini, nilimwambia. Alikuwa anacheka, anauliza kama ilikuwa nzuri."

Walikwenda hivyo miaka. Naye mkewe alisamehe, ingawa anasema ilimchukua muda mrefu kuliko kidonda.

Kisha ikaja wiki ile. Mjane aliniambia kwa sauti ndogo: "Asubuhi aliamka akasema, 'Kichwa kinaniuma sana, na shingo haigeuki.' Hakuficha. Hakusema ni uchovu. Tukaenda hospitali muda ule ule. Alifanya kila alichowafundisha watu, na bado nimempoteza." Kisha akasema, "Nina hasira. Andika hivyo, nina hasira." Mama uliyefiwa, nimeandika, na leo nimesoma.

Mimi nilifika msibani siku ya pili baada ya maziko. Nyumba ilijaa. Mjane alikaa kwenye godoro sebuleni, mgongo ukutani. Mnajua tulivyo sisi watu wa pole. Kila anayeingia anamwinamia, anamshika mkono, anauliza, "Umekula?" Anajibu, "Nimekula." Anayefuata, "Umekula?" "Nimekula." Nasi tunaridhika, tunakwenda kukaa, tunaanza kuzungumzia bei ya mafuta. Mimi pia niliuliza. Mimi pia nilijibiwa, na nikaenda kukaa.

Mama yake alitoka chumbani. Anatembea kwa kuchechemea kidogo, kwa miguu yake miwili. Aliteremka taratibu mpaka kwenye godoro, akakaa bega kwa bega na binti yake. Hakuuliza kama amekula. Alisema, na sisi tuliokuwa karibu tulisikia, "Mwanangu, 'nimekula' hiyo naijua. Mimi ndiye niliyeitunga. Karibu inile mguu."

Binti akatazama chini. Sebule nzima ikageuka, hata wa bei ya mafuta.

"Sijala," akasema. "Tangu alipofariki, sijala kitu, mama. Naweka mdomoni, hakipiti."

"Asante," mama akasema. "Asante kwa kuniambia."

Hapo ndipo mjane alipolia kwa sauti. Alilia mpaka akaegemea kifua cha mama yake. Alipotulia, ikaletwa chai ya maziwa. Mama hakumwambia amalize kikombe. Alimwambia alowanishe midomo tu. Akalowanisha. Wakakaa. Baada ya muda akalowanisha tena, na safari hii nikaona koo lake likimeza.

Kwa mjane, kwa mama yetu fundi cherehani, kwa dada mkubwa, na kwa wote wa ghala la magodoro, sisi wa redio hii tunawapa pole. Poleni sana. Mungu amlaze Kocha Fito mahali pema, na ninyi awape nguvu ya kubeba kilichobaki.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, sitawaagiza mkakimbie kesho alfajiri. Wengine tumbo linatutangulia kuingia studio, hatuna uso wa kuagiza. Naomba jambo moja. Leo utamkuta mtu wako, utamuuliza, "Umekula? Umelala? Dawa umekunywa?" Atakujibu ndiyo. Usiondoke na jibu la kwanza. Kaa.