Bi Ajenda na Kura Aliyoitia Kibindoni

Dada yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa pili na binti wa kwanza wa karani wa mizani katika ghala la nafaka na mkewe, mkunga. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na watoto saba, kila mmoja na lake la kusema. Mama alizoea kusema kwamba huyu alizaliwa msuluhishi, maana hata kulia alisubiri mwenzake anyamaze. Baba alisema huo si usuluhishi. Ni kujua kwamba anayelia mwisho ndiye anayebebwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza 1974. Akiwa kidato cha pili, mwalimu alimteua kiranja wa darasa. Alikataa mpaka darasa lipige kura. Lilipiga, likamchagua mwingine, naye akarudi kukaa kwenye dawati lake bila kinyongo. Mwalimu alimwambia, "Umeyataka mwenyewe." Akajibu, "Ndiyo, mwalimu. Na nimeyapata."

Mwaka 1976 aliajiriwa kama opereta wa simu katika hospitali kubwa, kwenye chumba kidogo chini ya ngazi, na huko alikaa hadi 2003, mashine ilipochukua kazi yake. Kabla ya kumuunganisha mtu, alimrudishia maneno yake: "Unataka wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, kaka yako. Ndivyo?" Madaktari walilalamika kwamba anachelewesha. Hakuna aliyelalamika kwamba amemuunganisha mahali pasipo sahihi.

Mwaka 1981 aliolewa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa ya chumba hicho na akaendelea kuja hata taa ilipopona. Shemeji anasimulia kwamba alipomtamkia nia yake, aliulizwa, "Hoja imeungwa mkono na nani?" Siku ya pili alirudi na dada yake. Ndoa hiyo ilidumu miaka arobaini na mitatu, ikajaliwa watoto watatu, ambao ndio waliompa jina la Bi Ajenda kwa sababu hata ugomvi wa rimoti ya televisheni aliuendesha kwa zamu ya kuzungumza.

Mwaka 2010 mtaa ulimchagua mwenyekiti wa kamati ya maendeleo. Aliingia na kanuni moja: hakuna kumjibu mwenzako kabla hujarudia alichosema, naye akakubali kwamba ndicho. Wengi walicheka. Kinyozi wa pale kona alisema, "Mama, kwa mwendo huu tutazeeka kikaoni." Lakini kwa mwendo huohuo mtaa ulipata taa za barabarani, kliniki ya watoto na choo cha soko, na hakuna kilichobomolewa na waliokipinga.

Mwaka 2019 kamati ilijadili mtaro wa maji ya mvua. Wakazi wa bondeni walitaka upite mbele ya maduka; wenye maduka hawakutaka vibaraza vyao vikatwe. Wajumbe kumi na wawili waligawanyika sita kwa sita, mara tatu. Mwenyekiti alikuwa na kura ya kuamua pale wanapolingana. Hakuipiga. Alisema, "Mtaro ukichimbwa kwa kura yangu, wenye maduka wataujaza taka kabla haujaonja maji. Turudi tuzungumze." Walikuwa bado wanazungumza mvua ya Aprili iliponyesha. Maji yaliingia nyumba za bondeni alfajiri. Katika nyumba ya mshonaji nguo alikuwamo mama yake, mzee aliyepooza, kitandani. Walipomfikia alikuwa amekwisha kufa.

Kikao kilichofuata kilijaa hadi nje. Mshonaji alisimama, akasema aliyokuja kusema, na mwenyekiti alipofungua kinywa akamzuia. "Kanuni ni yako, Mama. Rudia kwanza."

Dada yetu akarudia. "Umesema nilikuwa na kura. Nikaitia kibindoni. Mama yako akafa kwa maji."

"Ndivyo. Sasa nijibu."

Dada yetu aliketi. Baadaye wajumbe walilingana tena, sita kwa sita, naye safari hii akapiga kura yake. Mtaro ukachimbwa mbele ya maduka, na ukajazwa taka, kama alivyosema. Kila alipokwenda kuuzibua na koleo alimkuta mshonaji amefika na lake. Walifanya kazi wakipeana migongo. Mwaka 2020 mtaa ulimwomba aendelee kuongoza. Alikataa, akisema kiti si cha kurithisha wala cha kung'ang'ania. Kwa wajumbe waliosema kwamba hakuwa na kosa alisema, "Msinionee huruma kwa kumnyima mshonaji haki yake."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akawa wa kusafishwa damu hospitalini kila wiki. Mshonaji alifika mara moja wodini, akampima, na baadaye akaleta gauni lenye mkono unaofunguka kwa vifungo pale sindano zinapoingia. Hakukaa. Dada yetu alifariki asubuhi ya tarehe 14 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Alikuwa ameagiza habari ya mtaro isirukwe. Mwanawe mkubwa alitaka isisomwe mbele ya kaburi. Tukakaa, tukarudiana maneno, tukakubaliana aulizwe mshonaji. Alijibu, "Someni. Mkiificha, mama yangu atakuwa amekufa mara mbili. Ila msinihesabu kati ya marafiki zake. Bado sijajibiwa."

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na sisi ndugu zake wanne tuliobaki. Ameacha pia wajumbe kumi na wawili wanaokutana wiki ijayo kumchagua mwenyekiti, kwa kuwa aliyemrithi amejiuzulu.

Mshonaji yupo hapa nasi. Kama alivyotaka, hakuhesabiwa.

Mungu amlaze dada yetu mahali penye utulivu.