Vitambaa Vyekundu vya Liberatus

Kabla sijasoma, waombolezaji wenzangu, kila aliyeketi hapa aape kimoyomoyo kwamba nitakayoyasema hayatavuka ua huu wa Mlandege, hata wewe Padri, hata ninyi wageni mliokuja na lori kutoka Mbeya, na mkishaapa nawaambia kabisa kwamba mimi mwenyewe nitashindwa kukitimiza kiapo hicho, maana jambo lenyewe limenikaa kifuani miaka mitatu.

Marehemu Liberatus Kalinga alizaliwa Ipogolo tarehe 4 Machi 1907, kitinda mimba wa mama yake, akasoma shule ya misheni Tosamaganga hadi mwaka 1922, akajifunza udresa, kazi ya kufunga vidonda na kuhudumia wagonjwa, Mbeya mwaka 1929, akarudi kwao na mikono myepesi na mdomo mzito. Tarehe 16 Juni 1934 alifunga ndoa na Verediana, ambaye wakati huo alikuwa anaposwa na wawili, mmojawapo yupo hapa anakohoa, wakajaliwa watoto wanne, Philbert ndiye wa kwanza.

Mwaka 1955 ndui ilipokuwa bado mbali, yeye alikwisha kupita nyumba kwa nyumba akichanja watu, akajenga kibanda cha wagonjwa ng'ambo ya shamba, akajaza sanduku vitambaa vyekundu vya kufunga kwenye milango ya nyumba zenye ugonjwa ili mtu asiingie, nasi tukamcheka, "Dresa, gauni hilo unamshonea nani?"

Kifua kilimwanza Januari mwaka huu, akalazwa, akafariki Alhamisi tarehe 11 Juni 1959, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, madresa wenzake waliombeba, na majirani mliopika bila kuulizwa.

Sasa lile nililoruka. Agosti 1956 ndui ilifika Ipogolo, ikaingia kwa jirani Evarista, ambaye hakuchanjwa, Liberatus akafunga kitambaa, asubuhi hakipo, akafunga kingine, nacho hakipo, cha tatu vilevile, na Juliana jirani yetu, aliyekuwa shambani mbali siku za chanjo, hakuona alama yoyote, akaingia kumpa Evarista pole, akaugua, tukamzika. Liberatus alikonda, akawa anakaa barazani akiyaangalia mafundo ya kamba mkononi mwake, akijiuliza ni fundo gani alilikosea.

Mwanamke aliyekuwa akivichomoa mlangoni na mafundo yake, jina lake sitalitaja, alikuwa rafiki wa Evarista, akaona aibu watu wanavyoipita nyumba ile kwa mbali bila hodi, akasema kitambaa kile kimeifanya ifanane na kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, kilichotundika bendera mlangoni.

Jumapili baada ya misa, Ipogolo nzima iko mtoni Ruaha Mdogo, wazee wanamtafuta mkosaji, mwanamke huyo akapanda na debe la maji kichwani, Liberatus kwa heshima akamtua, na ngata ikaanguka, ikafunguka mbele ya watu wote, vitambaa vyekundu vitatu, kila kimoja na fundo lake Liberatus, zima, halikukosewa.

Akayatazama mafundo, akasema taratibu, "Kumbe ni wewe, dada."

Dada huyo ndiye anayewasomea. Lala kwa utulivu, mdogo wangu, ulifunga vizuri.