Redio Isiyoimba

Bwana asifiwe, wapendwa! Mlio kule nyuma karibu na mlango sijawasikia. Bwana asifiwe! Haya, sasa tuko pamoja.

Mimi ni mtoto wenu wa hapa hapa Tukuyu, niliolewa Iringa. Yule binti aliyeanzisha wimbo wa watoto sasa hivi ni Atupele wangu. Na huyu mama aliyekaa benchi la mbele, mwenye shali ya kijani, ni mama mkwe wangu, Mhehe wa Kalenga. Msimtazame hivyo, haumi! Nilimwomba ruhusa ya kusema haya, akaniambia, "Waambie yote. Usinipambe."

Ndugu zangu, kule Iringa nilipata kazi katika karakana ya makoti ya mvua na mifuko ya vitabu vya shule. Vitu hivyo havishonwi kwa sindano. Tulikuwa na mashine yenye taya mbili za shaba. Unaweka nailoni katikati, unakanyaga, na pande mbili zinashikana bila moto wala gundi. Fundi aliyetufundisha alisema zinaunganishwa na mawimbi ya redio. Basi mashine ikaitwa redio. Mama aliposikia mkwewe anafanya kazi kwenye redio, aliitangazia Kalenga nzima! Kila jioni alinipokea mlangoni: "Kamwene, Mama Atu. Redio imesemaje leo?" Nami namjibu, "Imenyamaza, mama." Tunacheka. Tulipendana, nataka mjue hilo kwanza.

Vipande vya nailoni vilivyobaki tuliruhusiwa kuchukua. Baridi ya Iringa inapoingia, kuni zinakuwa na unyevu na zinagoma kuwaka. Ukichomeka vipande vya nailoni chini yake na kibiriti, moto unashika. Nikawa namletea mama kapu zima, naye akaniombea baraka.

Atupele alikuwa anaanza kutembea alipopatwa na kubanwa kifua. Asubuhi yuko sawa, jioni anavuta pumzi kama mlango wenye bawaba mbovu. Tulimpeleka hospitali, akapewa dawa, akapata nafuu, tukirudi nyumbani yale yale. Tukasema ni baridi. Tukafunga mlango, tukaongeza moto. Akazidiwa!

Nikamleta hapa kwa mama yangu mzazi. Mvua ya hapa mnaijua wenyewe, lakini mtoto alipumua. Akanenepa, akawa anafukuza kuku. Nikafurahi, nikamrudisha Iringa. Mama mkwe kwa furaha akawasha moto mkubwa, akampakata mjukuu wake karibu na jiko. Ugali haujaiva, kifua kimebana.

Hapo watu wakaanza kuunganisha mambo. Kwa bibi mzaa mama anapona, kwa bibi mzaa baba anaugua. Na nani anayempakata kila akiugua? Majirani wakaacha kunywa chai kwetu. Na baadhi yenu mlio humu, nawaona, mliniambia, "Mtoto wetu analiwa kule. Mchukue, usirudi tena."

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, mara nyingi hayupo. Nyumbani tukabaki sisi watatu. Mama aliacha kuniuliza habari za redio. Mikono yake ilikuwa imechubuka hadi kuonyesha nyama, nikadhani ni baridi. Mimi nilimwomba Mungu anifunulie, huku nafunga mzigo. Kesho yake ningepanda basi la Mbeya na mtoto, moja kwa moja.

Lakini Mungu wetu hachelewi, ndugu zangu!

Siku hiyo msimamizi wa karakana alituita uani. Ilikuwa imeletwa nailoni mpya ya kujaribiwa. Akatueleza kwamba ile tuliyoizoea ina klorini ndani yake, na kwa sababu hiyo inasikia mawimbi ya redio na kushikana. Ila ikiungua, moshi wake ni mkali. Nailoni nyingi zisizo na klorini ni viziwi, unakanyaga mashine mpaka mguu unachoka, hazishiki. Hii mpya haikuwa na klorini kabisa. Ilipangwa tabaka juu ya tabaka, kama chapati, na matabaka ya nje yalikuwa ya aina inayosikia.

Kwa macho zilifanana. Ili tusizichanganye, akatupa kipande cha kila moja kwenye moto wa takataka. "Nuseni wenyewe," akasema. Ile mpya ilinuka kama mshumaa uliozimwa, basi. Moshi wa ile ya zamani uliponifikia, koo lilifunga, macho yakajaa, nikakohoa. Na kikohozi kilichotoka kifuani mwangu kilikuwa cha Atupele. Kile kile!

Niliondoka bila kuaga. Nilikimbia hadi nyumbani, nikamkuta mama ameinama jikoni, kapu liko mkononi, mtoto amekaa pembeni yake.

"Mama, acha! Leo redio imesema!"

Akanitazama. "Imesemaje?"

"Imesema ni moshi. Ni moshi wa hii nailoni ninayokuletea. Ndio unaombana mtoto."

Nilidhani atashangilia. Aliketi chini polepole, akatazama mikono yake, akasema, "Kwa hiyo si mimi?"

Ndugu zangu, mama huyu alikuwa ameanza kujiogopa! Maneno ya watu yalikuwa yamemwingia. Kila alipotaka kumgusa mjukuu wake, kwanza alikwenda kusugua mikono kwa magadi, asije akamdhuru bila yeye mwenyewe kujua. Niliishika ile mikono, tukalia wote wawili, na mtoto akalia kwa kutuona.

Tulilifukia kapu shambani. Tangu hapo tunawashia magunzi makavu, mlango wazi. Kifua kilifunguka taratibu, na leo mmesikia wenyewe sauti ile ilivyopanda. Namshukuru Mungu aliyemponya mtoto, na aliyemrudishia bibi yake mikono.

Wewe uliye na mzigo, usifunge safari kwa hofu. Mwambie Mungu, ungoje, atakuonyesha. Nami sina zaidi, ila jambo moja. Nje pale kuna birika kubwa la chai kwa ajili yenu wote. Amelichemsha mama mkwe wangu, kwa mikono yake. Njooni mnywe.