Siku ya Thelathini

Koasta ilipopita Mtwango, mzee Hosea alifungua kifurushi chake cha viazi vya kuchemsha, akamsogezea mama aliyeketi naye. Kiti cha nyuma yao, abiria mwingine, Ida, alikuwa ameshauma andazi lake mara moja.

"Asante, baba. Nimefunga," mama akasema.

"Ramadhani si bado wiki mbili?"

"Bado. Nalipa ya mwaka jana. Nilikuwa nanyonyesha mapacha, sikufunga mwezi mzima. Leo ni siku ya thelathini, namaliza." Alisema huku akiweka sawa kitenge begani, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye mahafali.

"Mungu alikuona unanyonyesha. Alishakusamehe."

"Ruhusa alinipa, baba. Siku zenyewe ni zangu."

Mzee akafunga kifurushi, akakiweka miguuni.

"Wewe kula tu, baba. Mimi sitamani."

"Kwetu mtu hali huku jirani yake anatazama. Sijafanya hivyo tangu nizaliwe, sitaanzia kwenye gari."

"Basi nitatazama dirishani."

"Nitajua upo."

Wakabishana hivyo hadi stendi ya Makambako, wala hakuna aliyelegea. Gari liliposimama, mama akatabasamu. "Umekaa na njaa bure, baba. Hukuweka nia ya kufunga, siku yako haihesabiwi."

"Sikukaa nayo ihesabiwe," mzee akajibu, akashuka na viazi vyake, shingo juu.

Ida alishuka wa mwisho, andazi mkononi, limeumwa mara ile ile moja.