Tisini na Moja

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi, mimi ni binti yake wa kwanza, nasoma kwa niaba ya familia, na marehemu mwenyewe aliagiza kuna sehemu moja nisiiruke.

Baba yetu, ambaye wengi mlimwita Mwalimu Hesabu, alizaliwa tarehe 4 Machi 1934, mtoto wa tano wa fundi viatu, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1955, na tangu Januari 1956 hadi alipostaafu mwaka 1989 alifundisha shule ileile, darasa la mwisho kwenye korido, lenye dirisha lisilofungika. Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 17 Desemba 1960, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu kumi na wawili, ambao kwenye kila picha aliwapanga mbili mara mbili mara tatu, mpaka wakachoka kutabasamu.

Jumanne tarehe 14 Septemba 1971, akifundisha namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, aliandika 91 ubaoni, akaigawa kwa mbili, tatu na tano, akairuka saba kwa kuiwahi kengele, akatangaza kuwa hiyo ni namba tasa. Msichana aliyebandikwa jina la Kadole kwa kuwa alihesabu kwa vidole, alisema hapana Mwalimu, ni saba mara kumi na tatu, baba akamwambia aache ubishi, akamkosesha daftarini kwa wino mwekundu na kumsimamisha mbele wenzake wakimcheka, na kesho yake Kadole hakuja, wala hakuja tena. Ijumaa baba aligundua kosa lake akiwa anasahihisha madaftari jikoni, la Kadole likiwemo, akatoka mbio bila viatu hadi chumba walichopanga kina Kadole, akakuta wamehama.

Tangu hapo baba hakutulia, alichungulia sura za wanawake sokoni na vituoni, na mara nyingi alituuliza kama na sisi tunasikia chaki ikikwaruza ukuta wa sebule, tukamwona amechoka tu, mpaka siku mama naye alipoisikia.

Machi mwaka huu alipotimiza miaka tisini na moja alikataa keki, akasema sasa ile namba imemfikia. Alilazwa kwa shinikizo la damu tarehe 2 Mei, akafariki tarehe 19 Mei 2025 saa tisa alasiri, akigonga ukingo wa kitanda kwa kidole, mara saba, kimya, mara saba tena, na mimi niliogopa kuhesabu mizunguko.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mliolala nasi, na walimu wenzake.

Kadole, kama uko hapa, au yuko mwanao, daftari lako liko mezani karibu na jeneza, baba alilitunza miaka yote hii, na mwenyewe alifuta alama ya kosa na kuweka ya vema. Ulipata, tusamehe, maana chaki bado tunaisikia.

Baba, nimeisoma yote, sikuruka. Pumzika kwa amani.