Aliyetufundisha Kungoja Alama Ipotee

Ijumaa, tarehe 30 Juni, mtunza maabara wa shule yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Hata baadhi ya wazazi wetu walipita mikononi mwake. Wakubwa kwa wadogo tunamwita Mama Saa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila ile saa ya kupimia sekunde shingoni.

Alianza kwa kuosha vyombo vya maabara. Akasoma, akafanya mitihani, akakabidhiwa funguo. Mpaka leo flaski iliyooshwa kivivu huijua kwa kuinusa tu, na mwenye kosa huosha za darasa zima.

Jaribio alilolipenda kuliko yote ni la joto na kasi ya mmenyuko wa kemikali. Flaski yenye kemikali iitwayo thiosalfeti huwekwa juu ya karatasi yenye alama ya X, asidi humiminwa, saa hubonyezwa. Mchanganyiko hugeuka ukungu wa manjano hadi alama isionekane. Ukiwa wa moto, alama hupotea upesi. Ukiwa baridi, utangoja mpaka shingo iume.

Kundi letu halitausahau mwezi Machi. Kwenye nyuzi hamsini tulipata muda mrefu kuliko kwenye arobaini. Kengele ilikuwa imeshalia, tukaanza kupika matokeo. Mama Saa akatuuliza kama kalamu yetu nayo ina kipimajoto. Kisha akaliona kosa: tulipima joto flaski ikiwa bado motoni, tukapiga soga, thiosalfeti ikapoa, ndipo tukamimina asidi. Alikosa basi lake akitusubiri turudie.

Wiki iliyopita, yeye akiwa kwenye likizo yake ya mwisho, tulifanya jaribio peke yetu kwa saa aliyotuachia mezani. Alama ilipopotea, sote tuligeuka kumtazama. Kiti chake kilikuwa kitupu, na sekunde zikaendelea kukimbia bila yeyote kuisimamisha saa. Mtihani wa vitendo ni Oktoba, na hofu ilitushika kwelikweli. Lakini hakuna aliyetaka kubuni jibu. Tulimwaga, tukaosha, tukapima joto ndani ya flaski yenyewe, tukaanza upya.

Mama Saa, grafu ya matokeo hayo tumeibandika mlangoni. Nukta ya nyuzi hamsini iko mahali pake. Asante kwa kila basi ulilolikosa kwa ajili yetu. Leo tunatamani mambo yaende polepole kama kwenye flaski ya baridi, ili uchelewe kidogo kupotea machoni petu. Nenda upumzike, mama yetu, na siku zako zote ziwe njema.